Svalbard: Wanyama Wachoyo wa Joto

Katoni ya tomsoni inapofunguliwa sokoni asubuhi, samaki wameshikana kama matofali, na vidole vya mama muuzaji vinakufa ganzi kabla hajawabandua wawili. Hewa ya ndani ya katoni ile ndiyo hewa ya kawaida Svalbard wakati wa baridi, na wapo wanyama wanaolala ndani yake bila zizi wala pango.

Svalbard ni visiwa vya Norwei, mbali kaskazini. Ukubwa wake unazidi kidogo nusu ya Haut-Lomami yetu, ila sehemu kubwa ni barafu tupu, na wakazi wote hawafiki 3,000. Wengi wao wako Longyearbyen, mji uliozaliwa na makaa ya mawe. Toka mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Februari jua halichomozi. Machi 1986 kipimo kilishuka hadi nyuzi 46 chini ya sifuri. Sisi wa Katoto tunaovaa makoti mwezi wa saba na kunung'unika, tunyamaze.

Mwenyeji halisi wa huko ni reindia, jamii ya kulungu: miguu mifupi, mwili wa mviringo, utadhani mbuzi aliyenoneshwa kwa sikukuu. Kabla ya baridi, mafuta ya kiunoni kwake huweza kufika unene wa sentimita 10. Tembo wa Upemba hupepea masikio mapana ili damu ipoe. Huko masikio ni madogo, ya reindia, ya mbweha mweupe, hata ya dubu. Dubu mwenyewe ngozi yake ni nyeusi chini ya manyoya yale meupe, na amefunikwa vizuri mno kiasi kwamba akikimbia kitambo, joto linamzidi.

Lakini maajabu yako miguuni. Reindia anakanyaga theluji usiku kucha, mbona kwato hazigandi, na mbona mwili haupoi? Mshipa unaoteremsha damu ya moto umelala ubavuni mwa ule unaopandisha damu baridi. Inayoshuka humkabidhi mwenzake joto njiani, nalo hurudi mwilini. Kwato hubaki na kiasi kidogo tu, cha kuzuia barafu. Mguu wa baridi kwake si ugonjwa, ni akiba.

Baridi kavu, basi, haimwui. Kinachomwua ni mvua. Sisi tunaiombea mihogo, lakini huko ikinyesha katikati ya Januari, kama inavyotokea mara nyingi zaidi miaka hii, maji huganda juu ya nyasi kama kioo na kwato haziwezi kukivunja. Ndipo reindia, mnyama wa nyasi, huonekana ufukweni kwenye giza, akitafuna mwani uliotupwa na bahari.