Kiwanda na Ardhi Yake
Mkulima akitafuta ardhi huangalia rutuba na mvua. Mwenye kiwanda huangalia barabara, umeme, maji, wafanyakazi, na umbali wa malighafi na wateja. Kiwanja cha bei nafuu ambacho malori hayafiki masika huishia kuwa ghali.

Mwaka 1909, mwanauchumi Mjerumani Alfred Weber alionyesha jinsi uzito wa mizigo unavyoamua mahali pa kiwanda. Tani moja ya klinka, inayosagwa kuwa saruji, huhitaji takriban tani moja na nusu ya mawe ya chokaa. Uzito unaobaki huteketea tanurini na kutoka kama hewa ya ukaa. Ndiyo maana kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kiko kando ya machimbo yake. Miwa nayo hupungua sukari ikishakatwa, hivyo viwanda vya Kilombero na TPC Moshi viko jirani na mashamba. Soda ni kinyume chake: sehemu kubwa ni maji, basi hutengenezwa karibu na wanywaji.

Mji ukipanuka, ofisi na maduka hujengwa kwa ghorofa na kumudu bei kubwa kwa kila mita ya mraba. Kiwanda hutaka sakafu pana na uwanja wa malori, hivyo husukumwa pembezoni. Kenya, kupitia sheria ya mwaka 1990, ilianzisha eneo la viwanda vya bidhaa za kuuza nje huko Athi River, nje ya Nairobi. Huko kampuni ya nguo inaweza kupanga jengo lililokwisha kujengwa, na mtaji wake ukaenda kwenye cherehani na mishahara.

Tanzania ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hutoa hati ya hadi miaka 99 yenye masharti ya uendelezaji. Masharti hayo ni muhimu sana: kiwanja kilichohodhiwa kikisubiri bei ipande hakizalishi ajira, na huwanyima wengine nafasi.

Zipo pia gharama zinazowaangukia majirani: vumbi, majitaka na mashimo. Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilianza kupanda mivinje na miti mingine katika machimbo yake mwaka 1971, na sehemu yake leo ni hifadhi ya Haller Park. Gharama ya kurejesha ardhi inastahili kuingizwa katika hesabu tangu kiwanja kinapotolewa, kabla ya jiwe la kwanza kuchimbwa.