Rushdi: Kijana Hujaribiwa, Kisha Hukabidhiwa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika misikiti yetu mingi kijana hukumbukwa kwa mambo mawili: kutandika majamvi na kulaumiwa. Hotuba humtaka awe mwaminifu na mwenye kuijali jamii yake, lakini daftari la hesabu na ufunguo wa sanduku haviguswi na mkono wake mpaka aote mvi. Basi uaminifu huo atauonesha katika kitu gani?

Sharia imelitatua jambo hili katika mlango wa mali ya yatima. Katika Suratun Nisaa, aya ya 6, Mwenyezi Mungu amewaamrisha mawalii wawajaribu mayatima, na wakiona kwao rushdi baada ya kubaleghe, wawakabidhi mali zao mbele ya mashahidi. Rushdi ni kuiona njia iliyo sawa na kuifuata, na kinyume chake kwa mafakihi ni usefihi. Kwa Mashafii, rushdi ni kutengenea kwa dini na mali pamoja. Kubaleghe huja kwenyewe. Rushdi haijulikani ila kwa mtihani.

Mtihani huo unakuwaje? Imamu Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria), katika Minhaj, anaeleza kuwa kila mmoja hujaribiwa kwa hali yake: mtoto wa mfanyabiashara kwa kuuza, kununua na kupatana bei, mtoto wa mkulima kwa shughuli za shamba. Jaribio hurudiwa mara mbili au zaidi, na wakati wake ni kabla ya kubaleghe. Kijana hupatana bei mwenyewe, lakini likifika la kufunga mkataba, walii ndiye hufunga. Na wafafanuzi wa kitabu hicho wakasema: mali ya mtihani ikipotea mkononi mwa kijana, walii hailipi, kwani ameamrishwa kumpa. Tazama, ndugu msomaji: kazi ni ya kweli, msimamizi yupo, na hasara ndogo imesamehewa.

Maswahaba waliishi hivyo. Amesimulia Bukhari kwamba Amr bin Salima aliwasalisha watu wake akiwa na miaka sita au saba, kwa kuwa alihifadhi Qur'ani kuliko wao. Nguo yake ilikuwa fupi, ikipanda anaposujudu. Hawakumwondoa mbele, walinunua kitambaa wakamshonea kanzu.

Huenda mzee akasema: "Vijana wa leo si kama Usama bin Zayd." Ni kweli, lakini Usama naye alikosea. Vitani alimuua mtu aliyekwisha tamka "Laa ilaaha illallah", na Mtume (S.A.W.) akamkemea kwa kukariri mpaka Usama akatamani lau kuwa alikuwa hajasilimu kabla ya siku ile. Kosa lilikuwa kubwa, na kemeo lilikuwa kubwa. Hata hivyo, mwaka 11 Hijria Mtume (S.A.W.) alimkabidhi jeshi akiwa na umri wa miaka kama kumi na minane, na walipomtia dosari aliwajibu kwamba anastahiki uamiri. Na Abubakar (R.A.) alipolituma jeshi lile, alikwenda kwa miguu naye Usama yuko juu ya kipando, na akamwomba ruhusa ya kubaki na Umar.

Nasaha zetu kwa maimamu ni hizi. Mpeni kijana hesabu ya sadaka ya Ijumaa moja, na mzee aikague. Mpeni tena Ijumaa ya pili. Akikosea, mkosoeni faragha, kisha mrudishieni daftari. Na wewe kijana, ukikaguliwa usione umetuhumiwa. Hata yatima katika aya ile hakabidhiwi mali yake ila mbele ya mashahidi.

Anayengoja rushdi bila ya kuijaribu ameliacha agizo la aya, kisha analalamika kuwa hakuna wa kumrithi.

Wallahu a'lam, wabillahi tawfiq.