Kumfundisha Mgonjwa wa Skizofrenia Kukumbuka

Watu wengi wakisikia kwamba fulani ana skizofrenia, hufikiri habari ya kusikia sauti za watu wasiokuwapo, basi. Kweli sauti hizo zipo, na tangu mwaka 1952, madaktari wa Paris walipoanza kuwatibu wagonjwa kwa dawa iitwayo kloropromazini, ziko dawa za kuzituliza. Lakini mgonjwa ambaye sauti zake zimetulia huenda bado akashindwa kurudi kazini. Kwa nini?

Ugonjwa huu hupunguza pia nguvu ya kukumbuka, ya kusikiliza jambo moja bila mawazo kutangatanga, na ya kupanga shughuli. Na kwa upande huo dawa husaidia kidogo sana. Mtu hutumwa dukani kununua chumvi, sabuni na kiberiti, akarudi na chumvi peke yake. Nyumbani huitwa mvivu. Nadhani hapo ndipo tunapowaonea.

Kwa ajili hiyo wataalamu, miongoni mwao Til Wykes wa London, wameendeleza mafunzo ya akili. Mgonjwa hukaa na mwalimu wake mara kadhaa kwa juma, kwa muda wa miezi, akapewa kazi nyepesi kwanza: kukumbuka tarakimu, kupanga picha, kutafuta njia katika ramani, kwa karatasi au kwa kompyuta. Ugumu huongezwa kidogo kidogo, ili afaulu mara nyingi kuliko kukosea. Lakini jambo kubwa si kazi zenyewe, ni mbinu: kujisemea maneno polepole, kuigawa kazi kubwa vipande vipande, kuandika orodha, kisha kujiuliza, "Je, njia hii imenifaa?" (Sisi wa Kidato cha Nne, tunaokariri usiku kucha bila kujiuliza lolote, tungefaidika pia.)

Je, mafunzo haya yafaa? Mwaka 2021 yalikusanywa matokeo ya majaribio 130, yenye watu zaidi ya 8,000. Faida ilionekana, ingawa si kubwa mno. Ilizidi pale palipokuwa na mwalimu hodari, mbinu zikafundishwa, na mgonjwa akapata pamoja nayo mafunzo ya kazi na ya maisha.

Basi yule wa dukani aendelee na dawa zake, kwani mafunzo hayashiki mahali pa dawa. Lakini kesho apewe karatasi na kalamu, aandike mwenyewe vitu vitatu, avisome kwa sauti kabla ya kutoka mlangoni.