Uyoga wa Miombo Hulishwa na Mti

Mvua zikishakolea, kando ya barabara za Iringa na Tabora hupangwa ndoo na beseni za uyoga wa njano uliochumwa msituni. Wanunuzi wengi huamini umeota kwa sababu ya unyevu tu. Unyevu lazima uwepo, lakini chakula chake kimetoka kwenye mti.

Chukua kijiti, fukua taratibu chini ya mtundu, mmojawapo wa miti ya miombo, ufuate mzizi mpaka kwenye ncha zake nyembamba kabisa. Utazikuta fupi, zimevimba kidogo, zimevikwa ala laini kama soksi, nyeupe au ya njano. Ala hiyo ni kuvu. Nyuzi zake hupenya katikati ya seli za mzizi bila kuziingia, nyingine husambaa udongoni mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Huuletea mti fosforasi, naitrojeni na maji; mti nao huilipa kwa sukari inayotengenezwa majanini. Mwaka 1885 mwanasayansi wa Kijerumani, Albert Bernhard Frank, aliuita ushirika huu mikoriza.

Mahindi, maharage na mninga huwa na kuvu za kundi jingine. Hizo huingia ndani ya seli na kutawanya vitawi vidogo mno, hazitoi uyoga, na bila hadubini huzioni. Lakini ndizo zilizoenea zaidi: takriban asilimia 70 ya spishi za mimea duniani huishi nazo. Visukuku vya Rhynie, huko Uskoti, vinaonyesha zilikuwemo ndani ya mimea miaka milioni 400 hivi iliyopita, kabla mizizi tunayoijua haijakamilika.

Ili kupima sukari ya majani hulisha kiasi gani cha uhai wa udongo, watafiti nchini Uswidi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walibandua gome la misonobari kuzunguka shina, sukari isishuke mizizini. Ndani ya miezi miwili hewa ya ukaa inayotoka udongoni ilipungua kwa takriban nusu. Nusu hiyo ndiyo sehemu ya uhai wa udongo inayobebwa na majani.

Uyoga wa mamama unaweza kuuotesha nyumbani kwenye mabua. Huu wa njano hauoti hivyo. Unataka mzizi ulio hai. Ndiyo maana namna ya kukata mti ina uzito kuliko tunavyodhani. Mtundu uliokatwa kwa ajili ya mkaa ukiachwa na kisiki huchipua, na mizizi yake huendelea kuishi. Kisiki kikishang'olewa na moto kupita, mahindi huingia na kuvu zake nyingine, na wachumaji huanza kubeba beseni zao mbali zaidi.