Skana mbili katika kitanda kimoja: kwa nini mgonjwa wa Bujumbura hutumwa Nairobi

Kuanzia Buyenzi hadi Kamenge, neno «skana» si geni tena. Mgonjwa hulazwa juu ya kitanda kinachoingia katika duara la mashine, na picha hutoka. Kinachoitatiza jamaa ni pale daktari anapoitazama picha hiyo, kisha akasema kwamba mgonjwa wao wa saratani anahitaji skana nyingine, tena nje ya nchi. Huuliza, na wana haki ya kuuliza: hii ya kwanza ilikosa nini?

Haikukosa kitu. Skana ya kawaida, iitwayo CT, hutumia eksirei kuonyesha umbo la viungo. Umbo, hata hivyo, halisemi kama kinachoonekana kingali hai. Tuchukue mgonjwa wa saratani ya tezi za limfu aliyekwisha maliza dawa, na CT bado inaonyesha uvimbe kifuani. Je, ni saratani iliyosalia, au ni kovu tu? Jibu la kwanza lamaanisha dawa nyingine, kali zaidi; la pili lamaanisha kurudi nyumbani.

Hapo ndipo tiba nyuklia inapoingia. Mgonjwa hudungwa kiasi kidogo cha sukari iliyofungamanishwa na florini-18, ambayo hutoa mionzi. Seli za saratani nyingi hula sukari kwa pupa, na baada ya muda wa saa moja hivi mashine ya PET huonyesha mahali palipong'aa. Lakini picha hiyo peke yake ni kama taa zionekanazo usiku upande wa pili wa Ziwa Tanganyika: mwanga unauona, nyumba huijui. David Townsend na Ronald Nutt waliziunganisha mashine hizo mbili, na ya kwanza ya majaribio ikaanza kutumika Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, mwaka 1998. Mgonjwa hubaki juu ya kitanda kilekile, na picha mbili hulazwa moja juu ya nyingine.

Kwa nini basi dawa hiyo isiletwe Bujumbura? Nguvu ya florini-18 hupungua kwa nusu kila dakika 110. Hutengenezwa kwa mtambo uitwao saikilotroni, kama ule wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan jijini Nairobi, au wa Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ikitoka huko, ikapita barabarani, angani na forodhani kwa saa tano na nusu, itafika imebaki sehemu moja ya nane. Ndiyo maana husafiri mgonjwa, si dawa.

Iko njia nyingine isiyotegemea saikilotroni jirani, nayo ni SPECT-CT, inayotumia teknishiamu kuchunguza mifupa, moyo na tezi ya shingo. Teknishiamu nayo hupungua nusu kila saa 6, lakini huzaliwa na molibdeni, ambayo huchukua saa 66. Chombo chenye molibdeni chaweza kuletwa kwa ndege na kukamuliwa kila asubuhi kwa takriban wiki nzima. Kwa nchi iliyo mbali na saikilotroni, hatua hii ndiyo yaonekana ya karibu zaidi.

Anayejiandaa kwa safari ya PET-CT na ajue haya. Kwa kawaida hutakiwa kufunga kula kwa saa sita hivi. Mwenye kisukari aseme mapema, kwani sukari nyingi katika damu huharibu picha. Kifua kikuu nacho hung'aa, hivyo mng'ao si hukumu ya saratani, na mara nyingi kipande cha nyama huhitajika kuthibitisha. Picha za CT za awali zisiachwe nyumbani. Na kabla familia haijauza kiwanja, imwulize daktari waziwazi: je, jibu la kipimo hiki litabadilisha matibabu?