Mapepe Yanaanzia Wapi

Chukua suke la mpunga lililokaribia kuiva, kutoka jaruba lililopakana na mikoko kule kaskazini mwa delta ya Rufiji. Limesimama wima, na hapo ndipo penye shida, maana suke lenye punje huinama. Libonyeze kwa kucha, punje moja moja: mapepe matupu, ganda juu, ndani hamna kitu. Mkulima hulaumu mbegu au wadudu. Katika mashamba yanayofikiwa na maji ya bahari, mimi huuliza kwanza habari za chumvi ya wiki kadhaa nyuma, mpunga ulipokuwa bado kijani kibichi.

Anayetengeneza ng'onda anajua kwamba chumvi huvuta maji. Mzizi nao hunywa kwa sababu utomvu wake ni mzito kuliko maji ya udongoni. Chumvi ikizidi udongoni, tofauti hiyo hupungua na mmea hunywa kwa taabu hata ukiwa umesimama majini. Ndani ya dakika chache jani hupunguza kasi ya kukua, na matundu yake ya hewa huanza kujifunga ili kubana maji. Yakijifunga, hewa ukaa haiingii vizuri, na sukari haitengenezwi ya kutosha. Mmea hudumaa, vichipukizi huwa vichache. Yote haya hutokea kabla chumvi yenyewe haijafika kwenye majani kwa wingi.

Sumu huja baadaye. Sodiamu inafanana na potasiamu kiasi cha kupenya kwa milango ileile ya mizizi, lakini haiwezi kufanya kazi ya potasiamu, ambayo vimeng'enya zaidi ya 50 vinaitegemea. Maji yakifika kwenye jani hupaa hewani, chumvi hubaki. Kwa hiyo angalia majani ya chini, yaliyopitisha maji kwa siku nyingi zaidi: huungua kuanzia ncha, kisha ukavu unashuka kando kando. Yakifa haraka kuliko mapya yanavyochipuka, suke halina wa kulilisha.

Mimea haikai tu ikingoja kufa. Mchu hutoa chumvi juu ya majani yake; lamba jani lake utaionja. Mpunga hauna ufundi huo. Hujitahidi kuizuia mizizini, na inayopenya huifungia ndani ya vifuko vya seli. Pokkali, mpunga wa Kerala nchini India, unasifika kwa hili, na watafiti waliitambua sehemu ya kromosomu yake ya kwanza inayosaidia kulinda uwiano wa sodiamu na potasiamu. Wameipa jina Saltol. Lakini msaada wake mkubwa ni kwa miche. Kuhimili chumvi wakati wa kuchanua ni jambo jingine, na hilo mkulima anayeletewa mbegu ya kuhimili chumvi anastahili kuambiwa waziwazi.

Maana mpunga hauna udhaifu uleule maisha yake yote. Huota bila taabu kubwa, huteseka ukiwa mche mchanga, hupata nguvu unapotoa vichipukizi, kisha hurudia udhaifu tangu suke linapoumbika tumboni hadi kuchanua. Chavua ikifa hapo, pepe limeshazaliwa.

Kwa vipimo vya kitaalamu, vinavyopima chumvi kwa jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme, udongo huitwa wa chumvi ukifikia desisimensi 4 kwa mita. Mpunga huanza kupoteza mavuno kwenye 3, na kila desisimensi inayoongezeka hupunguza kama asilimia 12. Kwenye 6, zaidi ya theluthi imekwenda. Mahindi huanza kuumia kwenye 1.7, maharage kwenye 1, ilhali pamba huvumilia hadi 7.7. Yaani shamba linaweza kukuibia kabla halijastahili hata kuitwa la chumvi.

Ndiyo maana nawasihi wakulima wa pwani wahamishe miche iliyokomaa, ya mwezi mmoja hivi, na wapange tarehe ya kupanda ili mpunga uchanue mto ungali umejaa maji baridi. Mpunga ukishashika mimba, maji ya jaruba yasiachwe yakauke humo, kwa kuwa jua huchukua maji na kuacha chumvi yote. Yatolewe, yaingizwe mapya. Na bamvua inapokaribia, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, zunguka tuta lote siku mbili kabla, uzibe kila tundu la kaa.