HISTORIA YA BURE MTANDAONI: TUIMEZE AU TUIHOJI?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mpenzi msomaji, methali hii niliizoea tangu shule ya msingi, lakini maana yake hasa niliipata muhula uliopita katika somo la Historia na Serikali, baada ya kupewa alama 4 kwa 20.

Kisa chenyewe ni hiki. Tulikuwa tumefikia mada ya kuja kwa utawala wa kikoloni nchini Kenya. Mwalimu akatupa insha juu ya Waiyaki wa Hinga. Mimi nikacheka kimoyomoyo. Kila asubuhi nikija shule navuka barabara yenye jina lake hapa Uthiru, na ngome ya Fort Smith alikokamatwa ilikuwa hapa hapa Kabete. Basi nikaazima simu ya mama, nikafungua ukurasa wa kwanza nilioupata mtandaoni, nikanakili neno kwa neno. Mwalimu aliponiuliza ni nani aliyeandika maneno yale, nilibaki kutoa macho tu.

Hakunigombeza. Juma lililofuata alikuja na kompyuta yake pamoja na kurasa chache alizopiga chapa. "Leo," akasema, "nitawaonyesha vitu vya bure vyenye wenyewe."

Kwanza kulikuwa na vitabu vya kale ambavyo hakimiliki yake imekwisha, vinavyosomwa bila malipo katika maktaba ya mtandaoni iitwayo Internet Archive. Kimoja ni cha Frederick Lugard, kilichotolewa mwaka 1893. Huyu ndiye mtu wa kampuni ya IBEA aliyefanya mapatano na Waiyaki huko Dagoretti mwaka 1890. Kingine ni cha J.R.L. Macdonald, cha mwaka 1897. Yeye aliongoza msafara wa kupima njia ya reli kutoka Mombasa hadi Ziwa Viktoria, naye alikuwako Fort Smith Waiyaki alipokamatwa, Agosti 1892.

Kisha kulikuwa na majuzuu ya Historia Kuu ya Afrika ya UNESCO, ambayo yeyote anaweza kuyapakua bila kulipa. Juzuu la 7, linalohusu ukoloni kati ya 1880 na 1935, lilihaririwa na Adu Boahen wa Ghana. La 5 lilihaririwa na Bethwell Ogot na la 8 na Ali Mazrui, wote wawili Wakenya wenzetu.

Mwalimu alitugawa katika makundi, akatupa maswali manne ya kuuliza kila andiko. Nani aliandika? Lini? Alikuwa wapi jambo likitendeka? Na kwa kusema hivyo, alitaka kupata nini?

Kundi la Lugard liligundua kwamba wakati kitabu chake kinatoka, alikuwa mbioni kuwashawishi Waingereza wasiiache Uganda. Basi hakuwa akisimulia tu, alikuwa na lake. Sisi tulipewa Macdonald. Yeye alikuwako, hilo ni jambo kubwa. Lakini alikuwa upande wa waliokamata, si wa aliyekamatwa!

Jioni nilimwuliza cucu wangu. Akaniambia Waiyaki alizikwa akiwa hai kule Kibwezi, kichwa chini miguu juu.

"Lakini cucu, Wazungu wanasema alikufa kwa jeraha la kichwa."

"Na hao walioandika ni akina nani? Si ndio hao waliomfunga?"

Jamani! Lilikuwa swali lile lile la mwalimu, na cucu hajawahi kugusa kompyuta.

Nilipolifikisha darasani, moto ukawaka. Wengine walisema maneno ya wazee si ushahidi. Wengine wakasema ati vitabu vya mkoloni vichomwe. Mwalimu akatutuliza, akasema hata cucu aulizwe yale yale: alisikia kwa nani, na huyo naye alisikia wapi? Mwishowe tuliandika yale ambayo pande zote zinakubaliana, kwamba Waiyaki alifia Kibwezi mwaka 1892 akiwa mikononi mwa Waingereza, njiani kupelekwa pwani. Kuhusu alivyokufa, tuliandika masimulizi yote mawili, kila moja na msemaji wake. Insha yangu ya pili ilipata 16.

Najua mtasema, sisi ni wa shule ya kutwa, bando tutatoa wapi? Ni kweli, na simu haziruhusiwi shuleni. Lakini mtu mmoja akipakua mara moja na kuweka kwenye flashi, darasa zima linasoma. Wala hatukuhitaji kitabu kizima, kurasa tatu zilitutosha vipindi viwili.

Tukumbuke pia kuwa bure haina maana ya kuiba. Vitu vingi vya masomo vina leseni iitwayo Creative Commons, inayokuruhusu kunakili mradi umtaje mwenyewe. Hata pale hakimiliki imekwisha, andika jina la mwandishi na mwaka, ili msomaji wako naye aweze kumhoji.

Basi wenzangu, mkiingia saiba kutafuta historia, msiwe kama mimi wa zile alama 4. Na kabla ya kuingia huko, pitieni kwanza kwa akina cucu, kwa maana wao hawana mtu wa kuwapakua wakishaondoka. Hapa ndipo ninapoiweka kalamu yangu chini.